Nani anaifuta hii memori? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuunganisha Python na laibrari za C

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana, kwa meseji, kwa simu, hadi ndani ya daladala, na karibu yote yanarudi pale pale: memori hii ni ya nani na nani ana kazi ya kuifuta. Kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mfano mkuu nautoa kwenye SQLite, laibrari ya C ya databesi, kwanza kwa sababu ipo kila mahali, kwenye simu yako ipo na Python inakuja na moduli yake, pili walioiandika wameeleza umiliki wa kila pointa (anwani ya kitu kwenye memori) kwa uwazi ambao laibrari nyingi hazina. Majina ya fanksheni nimeyaacha kama yalivyo ili ukiyatafuta uyapate.

Baindingi ni nini hasa, na memori inakuwaje shida wakati Python inajisafisha yenyewe?

Baindingi ni kile kipande cha katikati kinachofanya laibrari ya C iitike ukiiita kutoka Python. Unaandika klasi ya Python, ndani yake unaficha pointa, mtumiaji anaona klasi tu. Mimi hiyo klasi naiita ganda, maana ndo ilivyo, ganda la Python juu na kiini cha C ndani.

Python inajisafisha kweli, ila inasafisha vya kwake. Kila objekti ya CPython, yaani Python ya kawaida, ina hesabu ya marejeo, ukiishika hesabu inapanda, ukiiachia inashuka, ikifika 0 inafutwa hapo hapo, alafu kuna mzoa taka wa pembeni kwa ajili ya zile objekti zilizoshikana kwa mzunguko ambazo hesabu zake haziwezi kufika 0 zenyewe. Upande wa C hakuna hesabu wala mzoa taka, kuna malloc na free basi, aliyeomba memori ndo anatakiwa akumbuke kuirudisha. Sasa Python ikilitazama ganda lako inaona kitu kidogo chenye namba ndani. Haijui kwamba ile namba ni anwani ya kitu cha megabaiti 200 huko upande wa pili, na hata ikijua haijui kama inaruhusiwa kukigusa. Hiyo kazi ya kujua ni yako wewe unayeandika baindingi, hakuna mtu mwingine atakayeifanya.

Mbona programu inakufa ghafla bila kuonesha kosa lolote la Python?

Kwa sababu kosa halikutokea Python, limetokea chini, na mfumo wa kompyuta umeiua prosesi nzima. Iendeshe hivi `python -X faulthandler programu.py`, moduli ya faulthandler ipo tangu Python 3.3, angalau itakuonesha ulikuwa mstari gani wa Python wakati inakufa.

Ila ujue mstari inaofia mara nyingi sio mstari wenye kosa. Kufuta memori mara mbili, au kuisoma baada ya kufutwa, kunaweza kukaa kimya dakika kumi nzima alafu kukalipuka kwenye fanksheni isiyohusika kabisa. Ndo maana haya makosa yanachosha watu. Kuvuja ni afadhali, memori inapanda taratibu unaiona, ila kusoma memori iliyokwisha kufutwa kunaweza kukupa jibu linaloonekana sahihi leo na kesho takataka, na ukizisevu hizo takataka kwenye databesi hapo sasa umeharibu data za watu.

Fanksheni imenirudishia pointa. Nitajuaje kama ni yangu nifute au nimeazimwa tu?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni watoto wake. Na jibu ni kwamba kwa kuitazama pointa huwezi kujua. Lazima usome maelezo ya laibrari, fanksheni moja moja.

Angalia SQLite. Ukiita sqlite3_errmsg unapata ujumbe wa kosa, ile stringi ni ya SQLite, wewe umeazima, usiifute na usiishike muda mrefu maana simu inayofuata kwenda SQLite (simu hapa ni kuita fanksheni) inaweza kuandika juu yake. Alafu kuna sqlite3_exec, nayo ina sehemu ya kukupa ujumbe wa kosa, tena ujumbe wa aina ile ile, ila huu umekabidhiwa wewe, lazima uufute kwa sqlite3_free. Ujumbe wa kosa na ujumbe wa kosa, mmoja wa kuazima mwingine wako.

Mfano mwingine unaofanana kwa karibu zaidi: sqlite3_sql inakupa maandishi ya kweri (ombi lako kwa databesi) kama ulivyoyaandika, hayo ni mali ya steitimenti (kweri iliyoandaliwa tayari kuendeshwa) na yatafutika steitimenti ikifutwa. sqlite3_expanded_sql inakupa kweri ile ile ikiwa imejazwa thamani zake, na hiyo ni yako, usipoifuta inavuja. Ukitazama saini zake kwenye C, ya kwanza ina neno const na ya pili haina. Hicho ni kidokezo kizuri, pointa yenye const mara nyingi ni ya kuazima, lakini ni kidokezo tu, wapo waandishi wa laibrari wasiofuata, kwa hiyo soma maelezo.

Hii ya expanded_sql naijua kwa machungu. Niliandika programu ya mauzo ya duka la jumla, mwenyewe akataka kila kweri iandikwe kwenye logi, nikatumia ctypes, moduli ya Python ya kuita fanksheni za C, nikaweka aina ya jibu c_char_p, maandishi yakatoka vizuri kabisa, nikafurahi. Baada ya siku kadhaa mashine inakuwa nzito, wanaizima wanaiwasha, inarudi vile vile. Nilitafuta wiki mbili. Kumbe c_char_p kwenye ctypes ikiwa aina ya jibu inakupa bytes moja kwa moja, yaani inanakili maandishi alafu pointa ya asili inatupwa, kwa hiyo hata ungetaka kufuta huna cha kukabidhi kwa sqlite3_free. Kwa pointa ya kuazima hiyo tabia ni nzuri sana, unapata nakala yako salama. Kwa pointa uliyokabidhiwa ni kuvuja kwa uhakika. Dawa ni kuweka c_void_p kama aina ya jibu, unasoma maandishi kwa ctypes.string_at, alafu unafuta.

Tangu siku ile nikianza laibrari mpya naandika kwanza jedwali, kila fanksheni na mstari wake: inachopokea ni cha nani baada ya simu, inachorudisha ni cha nani, kinakufa lini. Nikikosa jibu kwenye maelezo naingia kwenye sosi ya C nisome. Sianzi kuandika ganda mpaka jedwali liishe.

Kwenye kompyuta moja inafanya kazi, kwenye nyingine inakrashi, mistari ni ile ile. Kwa nini?

Ukiwa unatumia ctypes, nina shaka na restype, ile aina ya jibu. Usipoitaja, ctypes inachukulia fanksheni inarudisha int ya C, ambayo kwenye mashine zetu ni biti 32, wakati pointa ni biti 64. Nusu ya anwani inakatwa. Kama anwani ilikuwa ndogo inaponea, kama ni kubwa umekwisha. Na upande wa kupeleka ni hivyo hivyo, ukipitisha namba ya anwani bila kutaja argtypes (aina za hoja, yaani vile unavyoipa fanksheni) nayo inakatwa kuwa int, wala hupewi onyo. Taja restype na argtypes kwa kila fanksheni, hata ile ya kijinga isiyorudisha kitu.

Naweza kufuta kwa free ya kawaida? Si memori ni memori tu?

Hapana. Kila memori irudishwe kwa yule yule aliyeitoa. Kwenye Windows DLL mbili zinaweza kuwa na raintaimu mbili tofauti za C, kila moja na hipu yake (eneo lake la memori), ukichukua huku ukarudisha kule inakrashi. Na hata Linux, SQLite kwenye baadhi ya namna za kukompaili inaweka baiti 8 mbele za kukumbuka ukubwa, maana yake pointa uliyonayo siyo ile malloc iliyotoa, ni baiti 8 mbele yake, ukiipeleka kwa free haitambuliki. Laibrari iliyoandikwa vizuri inakupa fanksheni yake ya kufutia. Tumia hiyo hiyo.

Na kinyume chake, nikiipa C stringi ya Python, inakuwa ya nani?

Hapa SQLite imefanya kitu kizuri sana, natamani laibrari zote zingeiga. Ukiita sqlite3_bind_text kuweka thamani kwenye kweri, hoja ya tano inakuuliza wazi kuhusu umiliki. Ukiweka SQLITE_STATIC unaiambia "hii ni yangu na haitahama, soma tu". Ukiweka SQLITE_TRANSIENT unaiambia "hii inaweza kupotea muda wowote, nakili sasa hivi". Au unaweka fanksheni ya kufutia, hapo maana yake unaikabidhi, ikimaliza iifute yenyewe.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu anaandika jina.encode() ndani ya simu alafu anaweka SQLITE_STATIC kwa sababu thamani yake ni 0 na 0 inaonekana haina madhara. Ile bytes iliyotokana na encode hakuna aliyeishika, simu ikirudi tu hesabu yake inafika 0 inafutwa, na SQLite haijaisoma bado, itaisoma kwenye sqlite3_step, ile ya kuendesha kweri, ambayo inakuja baadaye. Unaishia kusevu majina ya wateja yenye herufi za ajabu, na kwenye majaribio halitokei kwa sababu memori haijawahi kutumiwa na mwingine. Kwenye ctypes SQLITE_TRANSIENT ni c_void_p(-1), iweke hiyo iwe kawaida yako.

Kama ni picha au faili kubwa hutaki inakiliwe, tumia STATIC lakini ishike ile bytes ndani ya ganda la steitimenti, na uendelee kuishika mpaka uweke thamani nyingine mahali pake au steitimenti ifutwe. Sio mpaka sqlite3_reset, wengi wanajichanganya hapo, reset hairudishi zile thamani ulizofunga, zinabaki.

Nimepitisha fanksheni ya Python kama kolbaki, inafanya kazi mara chache za mwanzo alafu inakrashi?

Umetengeneza kolbaki (fanksheni yako ambayo laibrari itaiita baadaye) ndani ya simu na hukuishika. Ile objekti ya CFUNCTYPE ndo yenye kipande cha C kinachoitwa, ikifutwa, laibrari imebaki na anwani ya hewa. Iweke kwenye ganda, kwa mfano self._kolbaki, ikae muda wote laibrari inaweza kuiita.

Swali linalofuata ni uiachie lini. Laibrari nzuri inakuambia. sqlite3_create_function_v2 ina hoja ya xDestroy, inaitwa fanksheni yako ikiondolewa, ikibadilishwa na nyingine, au koneksheni ikifungwa, hapo ndo unaachia. Angalia tu hili: xDestroy inaitwa pia kama usajili wenyewe umeshindikana. Mtu anayeandika kwa C anafanya Py_INCREF (kupandisha hesabu ya marejeo), anasajili, inashindikana, anafanya Py_DECREF (kuishusha) kwa mkono wake, na xDestroy imeshafanya nyingine. Tayari umefuta mara mbili.

Nitumie `__del__` kufunga?

Ni metodi ambayo Python inaiita objekti inapofutwa, mimi situmii kama njia kuu. Weka close iliyo wazi, weka uwezo wa with, alafu kwa yule aliyesahau weka weakref.finalize, ambayo ipo tangu Python 3.4. Faida yake ni kwamba inaendeshwa mara moja tu hata ukiiita mara tano, kwa hiyo kufunga mara mbili hakuna madhara, na Python ikiwa inazimika inaiendesha kabla moduli hazijaanza kubomolewa, wakati `__del__` inaweza kuitwa ukakuta vitu inavyovitegemea vimeshakuwa None.

```
class Koneksheni:
    def __init__(self, njia):
        p = c_void_p()
        rc = lib.sqlite3_open(njia.encode(), byref(p))
        self._p = p
        self._funga = weakref.finalize(self, lib.sqlite3_close_v2, p)
        if rc != 0:
            self._funga()
            raise OSError("databesi haijafunguka")

    def close(self):
        self._funga()
```

Ona vitu viwili hapo. Kwanza finalize imepewa p, haikupewa self, wala haikupewa metodi ya self. Ukiipa self itaishika milele na ganda halitakufa kamwe mpaka programu iishe. Pili, hata sqlite3_open ikishindikana kwa kawaida bado inakupa koneksheni ya kufunga, ndo maana nimeweka finalize kabla ya kuangalia rc. Watu wengi wanarusha kosa kwanza na pale panavuja, kidogo kidogo, kila databesi inapokataa kufunguka.

Na baada ya close kila metodi iangalie self._funga.alive kabla ya kugusa pointa, kama imekufa rusha kosa la Python linaloeleweka. Mtumiaji wako hastahili segfolti (prosesi kuuliwa na mfumo) kwa kosa la kuita execute baada ya close.

Kwenye moduli ya sqlite3 ya Python yenyewe, si with inafunga koneksheni?

Haifungi. Inafanya commit au rollback (kuthibitisha au kutengua mabadiliko) tu, koneksheni inabaki wazi. Ukitaka ifungwe tumia contextlib.closing. Kuanzia Python 3.13 ukiiacha ikafa bila kuifunga unapata ResourceWarning, ila maonyo hayo yamefichwa, washa `-X dev` uyaone.

Nina koneksheni na steitimenti zake, nani afe kwanza?

Steitimenti zife kwanza, koneksheni mwisho. Ukiita sqlite3_close wakati kuna steitimenti haijafutwa inakataa na kukurudishia SQLITE_BUSY, na kama hukuangalia jibu umevuja koneksheni nzima pamoja na faili lake.

Shida ni kwamba mtumiaji wa Python hajui wala hatakiwi kujua huo mpangilio. Anafuta vitu anavyotaka, anarudisha steitimenti kutoka kwenye fanksheni huku koneksheni ikibaki nyuma. Dawa ni mtoto amshike mzazi: ganda la steitimenti liwe na rejeo la ganda la koneksheni, basi koneksheni haiwezi kufa mtoto akiwa hai. Mzazi akitaka kuwajua watoto wake, labda ili close iwafunge wote kwanza, awashike kwa weakref.WeakSet, asiwashike kikamilifu, kwa sababu mkishikana pande zote mbili mmetengeneza mzunguko, hesabu hazifiki 0, mnamsubiri mzoa taka, na mzoa taka akija hakuhakikishii ataanza na nani.

Wenyewe SQLite waliliona hili, toleo la 3.7.14 la mwaka 2012 wakaongeza sqlite3_close_v2, nayo haikatai, inaiweka koneksheni katika hali ya nusu kufa alafu inamalizika steitimenti ya mwisho ikifutwa, na kwenye maelezo wamesema wazi kwamba imewekwa kwa ajili ya lugha zenye mzoa taka ambako mpangilio wa kufuta haujulikani. Ndo maana kwenye mfano wangu juu nimeitumia hiyo.

Kwenye Qt, laibrari ya C++ ya kutengeneza madirisha, mambo yamegeuzwa, huko mzazi ndo mmiliki. Ukiiweka QLabel ndani ya dirisha, dirisha linaimiliki, dirisha likifutwa C++ inaifuta label, na ganda lako la Python linabaki limeshika hewa. PyQt, baindingi yake ya Python, inakuambia "wrapped C/C++ object of type QLabel has been deleted", ambayo ni heri mara mia kuliko kukrashi, maana yake kuna mtu alikaa akaandika kwa kila metodi nani anakabidhi nani, kwenye faili za SIP (zana inayotengeneza PyQt) utaona neno Transfer limeandikwa pembeni ya hoja. Kazi ya mikono hiyo, metodi maelfu.

Pointa moja inaweza kuwa na maganda mawili?

Inaweza, mradi mmiliki awe mmoja tu. SQLite ina sqlite3_db_handle, unaipa steitimenti inakurudishia koneksheni yake. Ukiivika ganda jipya linalojiona mmiliki, umeshaweka wafutaji wawili. Ama urudishe ganda lile lile la mwanzo, au ganda jipya lijue kwamba limeazima tu. Watu wengine wanaweka WeakValueDictionary yenye anwani kama ufunguo, inafaa, ila uhakikishe ukifunga unaitoa anwani humo, kwa sababu malloc inarudia anwani za zamani na siku moja utapewa ganda la marehemu kwa kitu kipya.

Kwenye pybind11, laibrari ya kuandikia baindingi za C++, kosa hili ni rahisi kuliko unavyodhani. Fanksheni ya C++ ikirudisha pointa tupu na wewe hukutaja return_value_policy, pybind11 inachukua kwamba umeikabidhi Python, yaani take_ownership, na Python itaifuta. Kama objekti ilikuwa bado inamilikiwa na C++ imekwisha. Kwa kitu kilicho ndani ya kitu kingine tumia reference_internal, nayo inamshika mzazi kwa niaba yako.

Naandika ekstensheni kwa C moja kwa moja, mbona fanksheni nyingine "zinaazima" na nyingine "zinaiba"?

Ni historia. PyList_GetItem inakupa rejeo la kuazima, PyList_SetItem inaiba rejeo unaloipa, yaani umelikabidhi hata usipopenda, na hata ikishindikana. PyDict_SetItem haiibi, inaongeza lake. PyModule_AddObject ndo mbaya kuliko zote, inaiba ikifanikiwa tu, ikishindikana rejeo bado ni lako. Kuanzia Python 3.10 kuna PyModule_AddObjectRef isiyoiba, na 3.13 wameleta PyList_GetItemRef na PyDict_GetItemRef zinazokupa rejeo lako kamili. Zitumie.

Kuazima kunauma hivi: umechukua kitu cha kwanza cha listi bila Py_INCREF, alafu ukabadilisha kitu kingine cha listi hiyo hiyo, kile cha zamani kikafa, `__del__` yake ikaendesha mistari ya Python, na mistari hiyo ikaifuta ile objekti uliyoazima. Hukuandika popote ifutwe. Na sasa kuna Python isiyo na GIL (loku kuu inayoruhusu thredi moja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja), thredi nyingine inaweza kukufanyia hivyo bila hata `__del__`.

Thredi zinaharibu nini kingine?

ctypes ukitumia CDLL inaachia GIL wakati wa simu ya C. Ni jambo zuri, ila maana yake wakati thredi moja iko ndani ya sqlite3_step nyingine inaweza kuita close na kuifuta memori inayotumika. Weka loku kwenye ganda, close nayo ichukue loku hiyo hiyo. Na usidhani fainalaiza itaendeshwa kwenye thredi iliyotengeneza kitu, inaendeshwa popote rejeo la mwisho lilipoachiwa.

Java, Go na Rust wana shida hizi?

Wanazo, zimevaa nguo nyingine. Android wanaoandika JNI (njia ya Java kuita C) wanajua GetStringUTFChars lazima ifuatwe na ReleaseStringUTFChars. Java yenyewe imeachana na finalize, imewekwa kwenye orodha ya kuondolewa, na kuanzia Java 22 kuna java.lang.foreign yenye Arena, memori zote unazoomba ndani ya Arena zinafutwa Arena ikifungwa, mimi naona ni njia safi sana. Go, kila C.CString ni malloc na unatakiwa uiite C.free mwenyewe, mzoa taka wa Go haiangalii. Rust wanaojivunia umiliki nao wana mtego wao, CString::new(s).unwrap().as_ptr() kwenye mstari mmoja, ile CString inakufa mstari ukiisha na pointa inabaki. Ni kosa lile lile la jina.encode().

Memori inapanda lakini tracemalloc inasema hakuna kitu. Inavuja au haivuji?

tracemalloc, moduli ya Python ya kufuatilia memori, inaona memori ya Python tu, kilichoombwa na laibrari kwa malloc haikioni. Kwa SQLite anza na sqlite3_memory_used, inakupa baiti ngapi SQLite imezishika sasa hivi, ingenisaidia sana kwenye lile duka kama ningeijua. Kwa laibrari nyingine tumia Valgrind (zana ya kutafuta makosa ya memori), na weka PYTHONMALLOC=malloc ili kigawaji cha Python kisikuchanganye.

Kabla ya hapo fanya jaribio la kijinga. Endesha kitendo kimoja mara 10000, andika VmRSS (RAM ambayo prosesi inaitumia) kutoka /proc/self/status, endesha tena 10000, andika, rudia mara kumi. Ikipanda mwanzoni alafu ikatulia, hiyo ni kashe au hipu imejitanua, sio kuvuja. Ikipanda kwa kiasi kile kile kila raundi, gawanya kwa 10000 upate baiti ngapi kwa kila simu, na hiyo namba mara nyingi inakuambia ni strakti gani au stringi gani. Mimi ilitoka karibu na urefu wa kweri zangu. Ukiwa na shaka bado na uko Linux yenye glibc (laibrari ya C yenye malloc na free), ita malloc_trim(0) kupitia ctypes, RSS ikishuka ghafla basi memori ilikuwa imeshafutwa, glibc ilikuwa haijairudisha tu kwa mfumo.